Neno Lenye Mwenyewe

Tuliwaacha wamesimama uani, kibakuli cha chai kimevunjika miguuni pa Hoshim. Tuanze papo hapo, kabla mtu hajaokota vigae.

"Jina langu Saltanat," mgeni akarudia, kana kwamba hawakumsikia mara ya kwanza. "Mimi ndiye mama yake Shahlo."

Oydin akacheka. Alidhani ni mzaha. Katika mtaa wao pale mjini Margilan hakuna mtu anayeitwa Saltanat. Saltanat ni neno. Jirani akinunua zulia jipya wakati la zamani bado zima, amefanya saltanat. Mtoto akijaza chai sukari mpaka kijiko kisimame, bibi yake humwambia aache saltanat. Oydin alilikuta neno hilo siku alipoletwa kutoka Kokand kuolewa, akalipokea pamoja na funguo za jikoni. Hakuuliza maana. Saltanat ni enzi ya masultani, na anayetapanya mali anaishi kisultani. Cha kuuliza ni nini hapo?

Kwa hiyo alicheka. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

Mama mkwe wake, Bi Robiya, aliyeketi kwenye kitanda cha uani chini ya mizabibu, alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Jirani yao Anzirat, aliyekuja kusaidia kukata karoti za pilau ya harusi, ameweka kisu chini. Na Hoshim, mume wake, mtu asiyeinuka mpaka chai iishe hata akija imamu, alikuwa wima, mkono kifuani.

"Umefika," Hoshim akamwambia mgeni.

Hakusema karibu. Hakusema habari za siku nyingi. Umefika, kama anavyoambiwa mtu aliyekuwa akingojwa. Neno hilo moja lilimwingia Oydin kama mwiba wa samaki, likakaa.

Harusi ya Ilyos, mwanawe wa pekee, ilikuwa kesho kutwa. Ilyos alikutana na Shahlo chuoni Tashkent. Posa ilipelekwa kwa mjomba wa msichana, mahari ikazungumzwa na mjomba, na kila walipomuulizia mama waliambiwa anaumwa. Juzi tu ndipo waliposikia kwamba mama mtu amepona, amerudi Margilan, kwenye nyumba ya marehemu baba yake yenye lango la kijani, mwisho wa mtaa huu huu. Bibi harusi angetokea hapo.

Oydin alimtazama mwanamke yule kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akitafuta kasoro. Gauni la kijivu lisilo na ua hata moja. Masikio matupu. Umri ulikuwa umempitia taratibu, kama pasi juu ya kitambaa kizuri.

"Karibu, mkwe," Oydin akasema, kwa tabasamu lililomuumiza mashavu. "Keti, unywe chai."

"Sikai. Nimekuja kuuliza jambo moja. Kesho kutwa binti yangu akifika hapa, lango hili litakuwa wazi?"

"Lango la nyumba hii halijapata kufungiwa mgeni."

Hakuna aliyemuunga mkono. Anzirat akakohoa. Saltanat akamtazama Bi Robiya, akamtazama Hoshim, kisha akarudisha macho kwa Oydin, na safari hii yalikuwa na huruma.

"Kumbe mkwe wangu hajui," akasema. "Basi samahani."

Akaondoka. Hoshim akaingia kwenye banda lake la kutilia hariri rangi bila kuokota vigae.

Msomaji, hakuna kitu kinachomchoma mwanamke kama kuhurumiwa na mwanamke asiyevaa hata herini.

Oydin alimkamata Anzirat pembeni ya tanuri la mikate.

"Sema."

"Niseme nini, shoga? Mimi nilikuja kukata karoti."

"Yule ni nani kwa mume wangu?"

"Hoshim ndiye wa kuulizwa."

"Nakuuliza wewe. Umekula mikate yangu tangu nilipoolewa."

Anzirat akafuta mikono kwenye gauni, taratibu, kama mtu anayeionja habari kabla ya kuitoa mdomoni.

"Unajua poyandoz."

Nani asiyeijua? Ni kitambaa ambacho upande wa bwana harusi hutandika ili bibi harusi aingie kwa mumewe bila kukanyaga vumbi. Wenye uwezo hutandika hariri, hatua chache kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, na wageni hukirarua na kwenda na vipande kwa baraka.

"Mimi nilikuwa juu ya paa naanika zabibu," Anzirat akaendelea. "Niliona kwa macho yangu. Hariri imetandikwa kuanzia lango la kijani mpaka kwenye lango hili lako. Mtaa mzima, Oydin. Watu walibandika migongo ukutani wasije wakaikanyaga. Na yeye, Saltanat, anatembea juu yake kama malkia. Siku ile ndipo watu walipoanza kusema: fulani amefanya Saltanat. Wazee wanakumbuka. Ninyi mliokuja baadaye mnadhani ni mambo ya masultani."

"Alikuwa anaolewa na nani?"

 Anzirat akaangalia banda la rangi.

"Nani aliitandika hiyo hariri?"

"Poyandoz hutandikwa na nani, shoga? Si upande wa bwana harusi?"

Oydin hakulia. Aliinama akatoa mkate tanurini kwa mkono mtupu, na hakuhisi moto.

Kwa sababu yeye alikumbuka poyandoz yake mwenyewe. Ilikuwa shuka. Shuka nyeupe ya kitandani, ya kuazima, yenye kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa njano. Alipoikanyaga, kelele ya ngoma ikipasua masikio, wifi mmoja alimnong'oneza kwamba Hoshim hapendi mbwembwe. Naye Oydin, binti wa Kokand aliyelelewa vizuri, akaona fahari kuolewa na mtu asiyependa mbwembwe. Akajifunza kubana. Akageuza kola za mashati. Akawa yeye ndiye anayewakemea wake vijana wa mtaa: acheni saltanat, pesa haioti. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anatamka jina la mwanamke mwingine, ndani ya nyumba yake, mbele ya mume wake, kwa kinywa chake.

Na mnakumbuka bunda la hariri alilolikuta wiki ile nyingine, limefichwa bandani chini ya magunia ya maganda ya komamanga. Alikuwa amelirudisha kimya kimya, akiamini Hoshim anamtengenezea gauni la harusi ya mwanawe. Alilala nalo akilini siku zote hizo kama msichana.

Sasa aliingia bandani, akayatupa magunia kando, akalinyanyua lile bunda na kulibwaga juu ya meza.

Hoshim alikuwa ameinama kwenye pipa, mikono ya buluu mpaka viwikoni.

"Hii ya nani?"

"Ya harusi."

"Ya harusi ya nani?"

"Ya Ilyos, mama Ilyos. Ni poyandoz ya mke wa mwanao. Nilitaka iwe siri mpaka siku yenyewe."

"Ya mke wa mwanangu, au ya mama yake?"

Hoshim akajinyoosha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa kitu alichokwisha kujiuliza.

"Nimeifuma kwa ajili ya Shahlo."

"Ulijua Shahlo ni binti wa nani?"

"Nilijua tangu posa. Mjomba wake namfahamu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Mimi nilikanyaga shuka, Hoshim." Hakumwita baba Ilyos. Mke wa mtaa ule hamwiti mumewe kwa jina, na wote wawili waliisikia sauti ya jina lile ikigonga kwenye mapipa. "Shuka yenye kiraka. Na yeye ulimtandikia mtaa mzima."

"Sikumtandikia Saltanat hata shibiri."

"Anzirat aliona."

"Anzirat aliona hariri. Hakuona mikono iliyoitandika."

"Ni mikono ya nani?"

Hoshim akageukia pipa lake. "Muulize Saltanat mwenyewe."

Vizuri. Oydin angemuuliza mwenyewe. Ila kwanza alipita chumbani. Akavua gauni la kazi, akavaa lile la hariri lililotunzwa kwa harusi, akavaa na herini za dhahabu alizopewa na mama yake, akajitazama kwenye kioo, akajichukia kidogo, akatoka.

Saltanat alimfungulia mwenyewe lango la kijani. Nyumba ilikuwa nusu tupu, inanuka chokaa mbichi. Shahlo alikuwa amekwenda kusukwa nywele kwa shangazi zake. Saltanat alimtazama mgeni wake alivyovaa. Akamimina chai kidogo sana kwenye kibakuli, nusu ya nusu, kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima ili mwenyeji apate kumhudumia tena na tena.

"Niambie nani aliitandika," Oydin akasema.

"Mimi."

Oydin alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi. Hilo halikuwemo.

"Baba yangu alikuwa mtu wa hariri," Saltanat akasema. "Tangu nilipozaliwa alikuwa ananiwekea, kila msimu kidogo, kwa ajili ya sanduku langu la harusi. Hoshim naye alikuwa amefiwa na baba majira ya baridi yale. Waliuza ng'ombe, wakauza mpaka kitanda cha kufumia. Poyandoz ilikuwa juu yao na hawakuwa na kitu. Watu wameshaanza kucheka kisimani: bibi harusi atakanyaga magunia. Sikuweza kuvumilia wamcheke. Nikamwambia baba, nipe hariri yangu yote."

"Yote?"

"Nilikuwa msichana, mkwe. Nilidhani ni mpaka utoe vyote ndipo vitoshe. Alfajiri nikatoka na dada zangu, tukaitandika kwa mikono yetu, kutoka hapa mpaka kwenye lango la Hoshim. Nikasema moyoni, watu watadhani ni yeye aliyeitandika. Atapata heshima. Mchana nikavaa, nikatembea juu yake. Watu kimya kabisa. Nikafika langoni. Limefungwa."

Chai ilikuwa inapoa. Hakuna aliyeigusa.

"Nikabisha. Dada zangu wakaniambia njoo turudi, sikusikia. Nikaita jina lake mbele ya mtaa mzima, jambo ambalo bibi harusi halifanyi hata akikatwa. Halikufunguliwa. Nikageuka, nikarudi juu ya hariri ile ile. Watu walikuwa wameshaanza kuirarua, maana desturi ni desturi. Kabla jua halijatua nilimsikia mtoto mmoja hapa nje akimkemea mwenzake aliyempa mbwa mkate mzima: unafanya Saltanat wewe. Nikajua jina langu si langu tena. Kutumia kila kitu kwa ajili ya lango lililofungwa, hiyo ndiyo maana yake. Tukahama mji."

"Nani alilifunga?"

"Mama yake. Nilimsikia nyuma ya mbao akisema, mwanangu hanunuliwi. Nimekwisha kumsamehe. Ilyos ni kijana mwema na binti yangu anampenda, ndiyo maana nilimwachia mjomba wake aendeshe mambo. Niliogopa mkisikia jina langu mtakataa. Lakini siwezi kumleta mwanangu kwenye lango lile bila kuuliza."

Mtu angedhani Oydin sasa atapumua. Mume wake hakutumia hata sumni kwa mwanamke huyu. Hakumtandikia kitu. Lakini wivu, ukifungiwa mlango wa mbele, huzunguka nyuma. Oydin alikaa pale na herini zake akiwaza jambo jipya, baya kuliko la kwanza: kwamba kuna mtu aliyempenda Hoshim kiasi kile, hadharani, mpaka akapoteza jina lake. Yeye mwenyewe alikuja na magodoro mawili na sufuria. Alimpenda Hoshim kwa kiasi, kama alivyotia chumvi.

Alisimama. Mlangoni alishindwa kujizuia.

"Bado unampenda?"

Saltanat alimtazama, akatazama gauni, akatazama dhahabu masikioni, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Mkwe," akasema, "hilo ni swali la mtu aliyevaa herini za harusi siku ya kukata karoti."

Oydin alirudi nyumbani uso ukimuwaka, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha uani.

"Mama, kwa nini ulimfungia lango?"

Bi Robiya hakujifanya hajui.

"Keti, mwanangu."

"Nimekaa vya kutosha leo."

"Basi simama. Maneno niliyasema, sikatai. Nilimwonea wivu yule mtoto. Mume wangu ndio kwanza azikwe, na mimi sina hata kitambaa cha kumpa mkwe wangu, halafu yeye anakuja ananinunua mbele ya majirani. Nikasema mwanangu hanunuliwi. Halafu nikachungulia kwenye upenyo, nikamwona. Ameshika ushungi, midomo inatetemeka. Nikashika komeo nifungue."

"Ukafungua?"

"Sikuweza. Mtu alikuwa ameweka mgongo langoni."

Oydin hakuhitaji kuuliza ni nani. Hoshim alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, maji ya rangi yakimdondoka vidoleni. Alikuwa amesikia.

"Mama anasema kweli," akasema. "Nilikuwa nimevaa viatu vya binamu yangu na kanzu ya marehemu baba. Nikaona kupitia mbao ile hariri yote inakuja kwangu, mtaa mzima, haina mwisho. Nikawaza, nikimfungulia huyu nitatembea juu ya hariri yake mpaka nife. Kila mkate nitakaomletea utakuwa mdogo. Sikuwa na hasira naye, mama Ilyos. Nilimwonea wivu. Yeye aliweza kutoa, mimi sikuweza."

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Shuka yangu. Wakati unanioa ulishakuwa fundi, kitanda cha kufumia unacho, hariri unayo. Kwa nini shuka?"

Hoshim akafuta vidole vyake kwenye nguo.

"Nilijua nikitandika hariri watasema neno lile. Siku ya harusi yako, mbele yako. Nikataka upite pasiwe na cha kusema. Halafu mwezi wa pili tu nikasikia unamwambia mtoto wa jirani aache saltanat. Nikajua wamekwambia yote. Kila ulipolitamka, nilidhani unanichoma makusudi. Nikasema, ni haki yake."

"Sikuwa najua."

"Nimejua leo."

"Maisha yangu yote," Oydin akasema polepole, "nimevaa woga wako, nikidhani ni adabu yangu."

 Oydin hakungoja jibu. Alikwenda kubadilisha gauni, maana karoti zilikuwa bado hazijakatwa.

Kesho kutwa ikafika. Tarumbeta ndefu zikapigwa tangu asubuhi mpaka kuta zikatetemeka, moshi wa pilau ukapanda juu ya mizabibu, na mtaa ukajaa. Saltanat alibaki kwake, kama mama wa bibi harusi anavyotakiwa. Lango la nyumba ya Hoshim lilikuwa wazi, mbao zote mbili zimefungwa ukutani kwa kamba. Hoshim aliifunga kamba ile mwenyewe, akaipiga fundo mara tatu.

Kisha akaleta bunda, akamkabidhi mkewe. Kutandika ni kazi ya mama wa bwana harusi.

Oydin alilichukua. Akatoka nje na kuliachia, na hariri ikakimbia mbele yake kama maji yaliyofunguliwa mferejini: nyekundu, njano, ile buluu ya Hoshim, mawimbi juu ya mawimbi. Wanawake wakavuta pumzi. Haikuwa ya mtaa mzima, lakini ilifika mpaka kwenye mipopla, ile miti mirefu ya kando ya njia, mbali kuliko yoyote iliyopata kutandikwa pale, isipokuwa moja.

Ilikuwa hariri nzuri. Hilo ndilo lililomshinda Oydin. Kama ingekuwa mbaya, angeweza kusimama kando.

Alisimama kwenye ncha ya mwisho, chini ya mipopla, akasikia honi za msafara wa harusi zikikaribia. Akavua viatu. Akapanda juu ya hariri.

Mara ya kwanza watu walidhani anainyoosha. Kisha wakaona anatembea. Anatembea taratibu, kichwa kimeinama kidogo, mikono mbele, mwendo wa bibi harusi. Mama mkwe, juu ya poyandoz ya mke wa mwanawe.

"Shuka hapo, shoga," Anzirat akamnong'oneza kutoka ukutani, sahani ya peremende za kumrushia bibi harusi mkononi. "Watu wanaona."

"Nitashuka nikifika."

"Unaharibu desturi."

"Desturi imeniharibu mimi kwanza."

Wapiga tarumbeta walipoteza pumzi mmoja baada ya mwingine. Katika ukimya ule Oydin alisikia nyayo zake mwenyewe kwenye hariri, laini, karibu hazisikiki, akaelewa kwa nini msichana mmoja alitoa kila kitu kwa ajili ya hatua hizi. Hoshim alikuwa amesimama langoni. Alimwona anakuja.  Halafu, mbele ya imamu, mbele ya wazee wenye kofia zao za mraba, mbele ya wapishi na watoto juu ya kuta, alinyoosha mkono wake wenye kucha za buluu, akaushika wa mkewe. Wanaume wa mtaa ule hawafanyi hivyo hata nyumbani.

"Karibu," akamwambia.

Karibu hiyo ilikuwa imechelewa miaka mingi. Oydin aliipokea hivyo hivyo.

Nyuma yake mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti ndogo ya kutosha: "Leo tumeona mtu kafanya oydin." Wengine wakacheka, kicheko kile cha kuziba mdomo kwa ushungi. Na neno, likishachekwa mara moja pale mtaani, hupata miguu.

Lakini kicheko kilikatika ghafla. Honi zilikuwa zimenyamaza.

Oydin akageuka. Gari la maharusi lilikuwa limesimama chini ya mipopla, mlango wazi. Shahlo alikuwa ameshuka. Amefunua ushungi kwa mkono wake mwenyewe, na ni wazi kwamba ameona kila hatua.

Ilyos, aliyekuwa pembeni yake na joho lake la dhahabu, alimshika kiwiko. Shahlo akajitoa polepole, akaja. Hakukanyaga hariri. Alitembea kando yake, kwenye vumbi, na pindo la gauni lake jeupe likabadilika rangi.

Akasimama mbele ya Oydin, akainama mara tatu kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Mama," akasema, "hariri ni yako, ikanyage hata mpaka jioni. Mimi sina neno na hariri."

"Mwanangu, nisikilize—"

"Nataka kujua jambo moja kabla sijaingia. Jana mchana, mama yangu alipokuwa sokoni, alikuja mwanamke. Akaniambia ametumwa na wewe. Kwamba hunitaki kwa sababu ya jina la mama. Kwamba nikija, utanitia aibu mbele ya mtaa mzima juu ya poyandoz. Sikumwamini. Nikavaa, nikaja." Akaitazama hariri. "Na sasa nimeona."

 Oydin alitazama hariri yenye alama za miguu yake, akatazama macho yote yaliyomwelekea, na akajua kwamba hata akila kiapo hakuna atakayemsadiki. Alikuwa ametembea mwenyewe mpaka ndani ya maneno ya mtu mwingine.

"Sikumtuma mtu," akasema. "Mtaje. Ni nani?"

Shahlo akapitisha macho ukutani, uso baada ya uso, mpaka yakasimama.

"Yule pale. Mwenye sahani ya peremende."

Anzirat hakuangusha sahani. Hakurudi nyuma hata kidogo. Alichota kiganja kimoja cha peremende, akazirusha juu ya kichwa cha bibi harusi kama desturi inavyotaka, na watoto hawakuthubutu kuziokota.

"Ni kweli nilikwenda," akasema. "Ila si Oydin aliyenituma. Muulizeni Hoshim."

Nasi tunawaacha hapo kwa sasa, macho yote yamegeukia langoni.